Pindo Hupimwa Kutoka Sakafuni

Kwa miaka 31 nilifundisha hesabu katika shule za msingi, na kila mwaka, darasa la saba, tulifika kwenye duara. Nililichora ubaoni kwa kamba na chaki, nikaandika 22 juu ya 7, nikawaambia watoto kwamba mzingo ni kipenyo mara pai. Hakukosekana mtoto wa kuuliza hii itatusaidia nini, na mimi nilimjibu kwamba itakuja kwenye mtihani. Jibu lenyewe nimelipata mwaka huu, nina miaka 63, nimepiga magoti sebuleni kwangu hapa Moshi juu ya yadi moja na nusu ya krepu ya bluu.

Kwaya ya watoto ya usharika wetu ilibadilisha sare: blauzi nyeupe na sketi ya duara ya bluu, ile ambayo mafundi wengi wa huku huiita solo. Mjukuu wangu alihitaji yake kabla ya Pasaka, na kila fundi niliyemwendea alikuwa na rundo la nguo lililofika kwenye dari. Nyumbani ninayo cherehani ya mguu, Singer, aliyoniachia mama mkwe wangu. Nilikuwa naitumia kutilia viraka mashuka, basi. Nikajiambia kitu chenye kanuni hakiwezi kunishinda.

Kiuno cha mtoto kilikuwa inchi 25. Ukigawanya kwa 6.28 unapata nne kasoro kitu kidogo, na hiyo ndiyo nusukipenyo ya tundu la kiuno. Kitambaa unakikunja mara mbili, halafu mara mbili tena, kinakuwa tabaka nne. Ile kona inayokutanisha mikunjo yote ndiyo kitovu cha duara. Unabana mwanzo wa tepu pale konani kwa kidole gumba, unauzungusha upande wa pili kama mshale wa saa, huku unatia alama za chaki. Alama za juu niliziweka kwenye inchi tatu na nusu, ili ibaki nusu inchi ya mshono. Za chini nikaziweka kwenye 25: nne za kiuno, 20 za urefu, moja ya pindo. Mkasi unapita njia mbili tu. Kisha unakunjua.

Nilipokunjua nilikaa chini. Nimechora maelfu ya duara maishani mwangu na zote zilifutwa na dasta kabla ya kengele. Hii ilikuwa imelala sakafuni, nzima, haina mshono hata mmoja, na tundu katikati linalotosha mwili wa mtoto ninayemfahamu. Kiuno cha inchi 25 kilikuwa kimezaa pindo la inchi 150 na ushee. Hesabu ni ileile niliyoifundisha, ila sikuwahi kuigusa.

Nikapasua nyuma, nikatia zipu, nikashona mkanda. Kufika saa tano usiku nilikuwa nimeshakunja pindo na kupiga pasi. Kabla ya kulala nikapima kutoka kiunoni kwenda chini, mara kumi na mbili nikizunguka, maana mwalimu wa hesabu haachi kuhakiki jibu. Kila mahali inchi 20. Nikaitundika kwenye hanga, nikasali, nikalala.

Asubuhi mjukuu akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akasema, “Bibi, mbona imeshuka?”

Kweli ilikuwa imeshuka. Mbele kulia, mbele kushoto, na nyuma vivyo hivyo: pembe nne zimening'inia inchi moja chini ya sehemu nyingine, kama kitambaa cha mraba kilichotandikwa juu ya meza ya duara. Nikapima tena. Mahali nilipokuwa nimepata 20 usiku, sasa nikapata 21. Nilidhani mkono wangu ulitetemeka wakati wa kukata.

Nikaibeba sketi mpaka kwa fundi mmoja mzee anayeshonea kibarazani karibu na soko la Mbuyuni. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilikutana, na yeye alikuwa amefunga. Midomo imemkauka, sauti ya chini, lakini mikono haikupunguza mwendo. Aliitazama sketi kwa muda mfupi sana. Akatoa leso mfukoni.

“Shika huku, mwalimu. Vuta.”

Nikavuta kufuata ukingo. Leso ikakaza, haikusogea. Akaigeuza nishike ukingo mwingine, nikavuta, ikawa vilevile. Kisha akanishikisha kona na kona, mshazari. Nilipovuta, leso ikanyooka kama inafuata mkono wangu, ikapungua upana, ikaongezeka urefu. Akaniambia niisogeze machoni. Niliziona nyuzi. Za mtande zinakwenda hivi, za mshindio zinakatiza, na kati yao kuna vimraba vidogo. Ukivuta kwa kufuata uzi, uzi wenyewe unakataa. Ukivuta mshazari hakuna uzi unaovutwa moja kwa moja. Kile kimraba kinalala upande, na kitambaa kinarefuka bila uzi wowote kukatika.

Sketi ya duara, akanieleza, ina yote hayo kwa pamoja. Kuna mahali inaning'inia kwenye mtande, mahali kwenye mshindio, na kati ya hizo kuna sehemu nne zinazoning'inia kwenye mshazari. Usiku mmoja tu, uzito wake wenyewe unazishusha.

“Umekata sawa, mwalimu,” alisema. “Duara lako halina kosa. Kosa lako ulikunja pindo haraka. Ungeitundika siku mbili ishuke yote inayotaka kushuka, halafu mtoto avae, asimame wima na viatu vyake, upime kutoka sakafuni kwenda juu. Pindo halipimwi kutoka kiunoni.”

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na njiani sikuwa nawaza sketi tena.

Miaka sita iliyopita nilikuwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Mwaka huo wasichana wawili wa kwaya ya vijana walipata mimba kabla ya ndoa. Utaratibu wetu ulijulikana: mtu anawekwa chini ya marudi, anatoka kwenye kwaya, hashiriki chakula cha Bwana, na baada ya miezi sita anasimama mbele ya usharika siku ya Jumapili, anatubu, anarudishwa kundini. Kikaoni kuna mzee aliyependekeza tuziangalie kesi hizi mbili kila moja peke yake. Mimi ndiye niliyepinga. Nilisema tukianza kutazama sura za watu tutaishia kwenye kujuana, na kwamba Mungu alimwonyesha Amosi timazi, wala timazi haliulizi ukuta ni wa nani. Wakakubali. Nikaandika kwa mkono wangu: adhabu iwe moja, sawa kwa wote. Niliipenda sana sentensi ile. (Kwamba baba wa watoto wale hawakuitwa mbele ya baraza lolote, hilo hata halikuwa kwenye ajenda, na nalitaja hapa ili ieleweke tulivyokuwa.)

Msichana wa kwanza alikuwa binti wa familia yenye duka. Alikwenda kukaa kwa shangazi yake Arusha, akajifungua huko. Miezi sita ilipotimia alirudi, akasimama madhabahuni na mama yake pembeni, akasema maneno yaliyotakiwa, akapeana mikono na mchungaji. Dakika kumi hazikufika. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye safu ya soprano.

Wa pili alikuwa mfanyakazi wa ndani. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake huko milimani, akaja mjini kufanya kazi akiwa na miaka 15. Kwaya ndiyo iliyokuwa ndugu zake. Mimba ilipoonekana, mwajiri alimtoa, na wiki ileile sisi tukamtoa kwenye kwaya. Jumapili yake ya kurudi kundini ilipofika hakutokea. Nikaandika kwenye muhtasari kwamba mhusika hakufika, na kikao kikaendelea na suala la paa.

Sikumwonea, nilijiambia kwa miaka sita. Alipimwa kama mwenzake. Ukienda kwenye kitabu cha mihutasari utakuta mistari miwili inayofanana neno kwa neno. Inchi 20 hapa, inchi 20 pale.

Swali linalonikalia sasa, na nalileta hapa kama mtu aliyelipia ada yake, ni hili: haki ni kumpa kila mtu kipimo kilekile? Wengi wetu tukibanwa tutajibu ndiyo, na tuna sababu. Tumeishi na upendeleo. Tumeona mtoto wa fulani akipita mlango ambao wa kwetu alifungiwa. Kwa mnyonge, kanuni moja kwa wote ni ngao, na mtu anayetaka kuigusa ngao hiyo lazima aulizwe anataka nini. Hata Walawi 19, sura ambayo watu wengi hukumbuka upendo wa jirani tu ndani yake, inakataza kumpendelea maskini hukumuni kama inavyokataza kumnyenyekea mkubwa. Mzee mwenzangu mmoja hunirudishia aya hiyo kila tunapozungumza, na hakosei.

Lakini kitabu hichohicho cha Walawi, sura saba nyuma, kina sheria ya mama aliyejifungua. Alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja na ndege mmoja. Kisha sheria inaongeza, bila kuombwa na mtu: kama mali yake haimfikishi kwa mwana-kondoo, alete ndege wawili. Aliyeandika hakuona kwamba anaibomoa sheria. Alijua kwamba mwana-kondoo mmoja kwa mwenye zizi ni mnyama mmoja, na kwa asiye na zizi ni deni. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo mara nyingi, na kila Krismasi ikipita tunasoma Luka sura ya pili, Mariamu na Yusufu wakimpeleka mtoto hekaluni. Luka anataja sadaka yao. Ni ndege wawili. Mwana-kondoo hayumo. Mama wa Bwana alipitia kwenye kile kifungu cha wasio na uwezo, na mimi katibu, nikihukumu mama wawili, sikuwa nimeona kwamba kifungu kama hicho kipo.

Fundi naye, nilipomrudishia habari hii baadaye, hakushangaa. Alisema kwao mgonjwa na msafiri hawalazimiki kufunga, watazilipa siku hizo wakati mwingine, na hakuna anayesema kwamba Ramadhani imevunjika.

Kijana mmoja wa usharika wetu aliyesoma falsafa alinieleza jambo la Aristotle ambalo nimelishika. Katika kitabu cha tano cha maadili yanayoitwa ya Nikomako, anasema wajenzi wa kisiwa cha Lesbos walikuwa na rula ya risasi, yaani madini laini, inayopinda kufuata umbo la jiwe. Aliitumia kueleza kwamba sheria ikiwa imeandikwa kwa ajili ya wote, lazima itokee kesi ambayo mwandishi hakuiona, na hapo haki yenyewe inadai sheria irekebishwe. Nilifurahi kusikia kwamba swali langu lina umri wa zaidi ya miaka 2,300. Ila rula inayopinda bado inanitia hofu. Nimefundisha muda mrefu mno kuiamini. Rula ikishapinda kwa jiwe la mnyonge, kesho itapindishwa kwa jiwe la tajiri, na wa pili ndiye mwenye nguvu za kupindisha.

Ndiyo maana naona fundi alinipa kitu bora kuliko rula ya risasi. Hakuniambia nipime kila pembe kwa huruma yake. Nilipoitundika sketi tena, nikafumua pindo, nikangoja siku mbili, kisha nikamsimamisha mtoto juu ya stuli, nilitumia rula moja ya mbao, ile kubwa ya ubaoni niliyoondoka nayo kazini. Inchi 14 kutoka chini, pini. Natambaa kidogo, inchi 14, pini. Niliizunguka sketi yote kwa namba moja isiyobadilika na sikuisikiliza krepu inasema nini. Kipimo kilikuwa kimoja, sawa kwa pande zote. Kilichobadilika ni mahali nilipoanzia kupima.

Nilikuwa nimeanzia juu, kwenye mkanda, palipo pangu mimi mkataji. Pale juu nyuzi zote ni ndugu. Tofauti zao hujulikana zikishabeba uzito.

Nimelitazama upya timazi la Amosi. Tulilitumia kikaoni kama fimbo iliyonyooka. Lakini timazi ni jiwe au risasi kwenye uzi. Halisemi kitu mpaka litundikwe, na likitundikwa kwanza linayumba, na fundi mwashi husubiri litulie. Anayelisoma likiwa bado linayumba anajenga ukuta mbovu akiwa na chombo sahihi mkononi. Sisi tuliamua kesi mbili katika dakika 20.

Basi sakafu ya binadamu ni ipi? Nimelitafuta jibu na nimepata moja, la kesi yetu tu, sidai kwamba linatosha kwa zote. Tungeweza kuuliza kila mmoja swali moja lilelile: baada ya marudi haya, utabaki na nini? Wa kwanza angebaki na mama, shangazi, chumba chenye kitanda, na jina la ukoo linalofahamika sokoni. Wa pili angebaki na tumbo. Swali ni moja, halina upendeleo, na mzee mwenzangu mwenye Walawi 19 angeweza kuliuliza bila kuficha uso. Tungejua papo hapo kwamba kumtoa mmoja kwenye kwaya ni kumpumzisha kuimba kwa miezi sita, na kumtoa mwingine ni kumtoa duniani.

Kuna mahali sketi haikubaliani nami, na sitaisukuma. Kwenye kitambaa, kilichoshuka hukatwa. Nilikata inchi nzima kwenye zile pembe nne, na nilikuwa na haki ya kukata. Mtu hakatwi. Mtu aliyeshuka hasubiriwi kwa mkasi, na kama kuna anayetaka kunitumia sketi hii kuthibitisha hivyo, ameishika upande usio wake. Tena mtoto anapogeuka, ni zile sehemu za mshazari ndizo zinazocheza na kufanya mawimbi. Sehemu za mtande hutulia. Ukitaka sketi isiyoshuka popote, kata mistatili, utapata gunia.

Jumatatu ya baada ya Pasaka nilikwenda Mbuyuni. Nilikuwa najua kwa miaka miwili kwamba yule msichana wa pili anauza mboga pale, upande wa mchicha na mnafu, na kwa miaka hiyo miwili mboga nilinunulia upande wa pili. Alikuwa anafunga mafungu kwa ugwe. Mtoto wake wa kike, ana miaka mitano, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema kabla sijafungua mdomo.

“Marahaba, mwanangu.”

Nilikuwa nimeandaa maneno, yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba nilikosea, kwamba mimi ndiye niliyeandika ile adhabu na ndiye niliyeitetea, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Aliendelea kufunga fungu alilokuwa nalo mpaka likaisha. Akauliza kama bado tunaimba ule wimbo wa jioni ya Ijumaa Kuu. Nikasema tunaimba. Kisha nikamuuliza jambo ambalo baraza zima, watu kumi na mmoja, halikuwahi kumuuliza: kwa nini Jumapili ile hukuja?

“Nilikuja,” alisema. “Nilifika mpaka getini. Walisema wanaorudi kundini wavae nguo nyeupe. Nilizunguka wiki nzima kuazima, nikakosa.”

Mteja akaja, akauliza bei ya mnafu, akahudumiwa, akaondoka na chenji yake.

“Nilisikiliza mkiimba, halafu nikaondoka,” alisema.

Baraza linakaa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Ukatibu nilishauacha, lakini muumini yeyote anaruhusiwa kuleta ajenda kwa maandishi, na yangu nimeshaiandika. Nimeomba kitabu cha mihutasari cha mwaka ule kifunguliwe ukurasa wenye mistari miwili inayofanana, na mimi mwenyewe nisome kwa sauti.